Ile Paipu Haikuniongezea Farasi 30

Kuna video yangu moja ambayo imetazamwa kuliko zingine zote nimewahi kuweka. Dakika moja na sekunde nane. Boneti iko wazi, jua linazama nyuma ya maghorofa ya Roysambu, paipu nyekundu ya silikoni inang'aa kama imepakwa Arimis. Halafu nakanyaga mafuta, na turbo inavuta hewa kwa ile sauti mnaipenda, kama mzee anayefyonza uji moto. Mwisho naangalia kamera na kusema, "Farasi thelathini zaidi, wasee. Paipu tu."

Hiyo sentensi ya mwisho ni uongo. Sikupima popote. Hakuna mashine iliyoniambia thelathini. Nilitaka namba, thelathini ikakaa vizuri mdomoni, nikaitoa. Ningesema "labda wachache, sina hakika," nani angebonyeza?

Leo nataka kuwaambia yaliyotokea baada ya kamera kuzimwa. Ni stori ndefu kiasi, na kuna mahali nitaeleza jinsi hewa inavyotembea ndani ya injini. Vumilia hapo. Bila hiyo sehemu hutaelewa kwa nini nimeamka saa kumi alfajiri kuandika hii kitu.

Gari yenyewe ni Forester ya 2004, ile ya injini ya EJ20 yenye turbo. Mimi ni wa 2002, kwa hivyo ni kama mdogo wangu. Huwezi kuiagiza Japani siku hizi, maana Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Hizi zilizobaki zimekuwa hapa muda mrefu na zimepita mikono mingi. Mimi ni mkono wa nne. Nusu ya pesa ilikuwa yangu. Nusu nyingine mathe alikopa kwenye chama chake, na hadi leo tunalipa pamoja. Kumbuka hilo, kwa sababu mathe atarudi kwenye hii stori akiwa na mfuko wa samaki.

Sasa, hewa. Inaingia kupitia kichujio. Ikitoka hapo inapita kwenye sensa ndogo inayopima ni hewa kiasi gani imeingia, na kumwambia kompyuta wa injini. Halafu inaingia kwenye paipu, paipu inaipeleka hadi mdomo wa turbo, turbo inaikandamiza, inapita kwenye kipoza hewa, lile dude lililolala chini ya tundu la boneti, kisha manifoldi, kisha injini. Paipu ninayozungumzia ni ile ya katikati ya sensa na turbo. Ukifungua boneti ya hii gari unaona mwanzo wake tu. Mwili wote umejificha chini ya manifoldi, mahali ambapo mkono wa mtu mzima unaingia ukilia.

Na hiyo paipu si bomba tupu. Ina matawi. Kuna mpira unaoleta mvuke wa oili kutoka tumboni mwa injini, kuna mingine kutoka juu ya vichwa vya injini, kuna wa vali inayorudisha hewa ukiachilia mafuta ghafla, na kuna kamoja kembamba ka kudhibiti presha ya turbo. Yote inarudi kwenye hiyo paipu. Kila tawi ni mahali pa kuvuja.

Yangu ya kiwandani ilikuwa na miaka karibu 20 ikipikwa na joto la turbo. Imekuwa ngumu kama soli ya kiatu cha shule. Lakini mimi sikuibadilisha kwa sababu hiyo. Nilibadilisha kwa sababu nilikuwa nimeona ile nyekundu, shilingi 14,000, nikajua itaonekana vizuri kwenye video.

Tuliifunga mimi na binamu yangu, kwenye parking ya ploti, Jumamosi moja kuanzia saa nane mchana. Njia safi ya kuifunga ni kuinua manifoldi yote: unatoa kipoza hewa, unashusha presha ya petroli, unachomoa nyaya na mipira, unaweka gasiketi mpya ukirudisha, na kila tundu lililo wazi unaliziba na kitambaa safi, kwa sababu nati moja ikidondoka humo ndani wewe na hiyo injini mmeachana. Hiyo ni kazi ya siku nzima. Sisi tukachukua ile njia ya mkato, kuisukuma kwa chini bila kuinua chochote. Inawezekana. Watu wengi hufanya hivyo. Silikoni ni laini, unaipaka sabuni kidogo, unaikunja, unasukuma, unatukana, inaingia.

Wakati wa kutoa ile ya zamani ilikatika mikononi mwangu. Na upande wa chini ilikuwa na ufa mrefu kama kidole changu. Niliuona. Nikamwonyesha binamu, tukacheka, tukatupa. Sikuufikiria tena kwa mwezi mzima, na hapo ndipo jibu lote lilikuwa.

Saa kumi na mbili kasorobo jua lilikuwa linaisha. Mimi nahitaji ule mwanga wa dhahabu, mnanijua. Kila kitu kilikuwa kimeingia isipokuwa klipu moja ya ule mpira wa mvuke wa oili, huko chini kabisa. Mpira wenyewe nilikuwa nimeuchomeka. Niliusikia kwa ncha ya kidole. Lakini klipu haikutaka kufika, na bisibisi haikuwa na pa kugeukia. Binamu akaniuliza, "Tutoe turudie?"

Nikamwambia, "Itashika."

Tukarekodi.

Na wasee, gari ilikuwa tamu. Siwadanganyi hapo. Ilivuta mapema, ilitulia ikiwa imesimama, hata petroli ilipungua kidogo. Nilizunguka Thika Road nikijiambia kwamba thelathini pengine si uongo, pengine nimekisia vizuri.

Wiki tatu baadaye nikampeleka mathe na dada yangu mdogo Naivasha. Siku poa sana. Mathe akanunua samaki, akawafunga vizuri kwenye mfuko. Tukarudi na barabara ya chini, ya Mai Mahiu. Mnaijua: ukipita lile kanisa dogo ambalo wafungwa wa vita wa Kiitaliano walijenga mwaka 1942, unaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, malori yamejipanga mbele yako, na nafasi ya kupita ni fupi.

Nikaona nafasi. Nikakanyaga.

Mwanzo ilikuwa mluzi. Si ile sauti ya uji, mluzi mwembamba wa kitu kinachonyonya mahali hakifai. Halafu nguvu ikakatika. Halafu nikasikia chini ya miguu yangu kama mtu anatikisa njugu ndani ya mkebe. Tra-tra-tra-tra. Niko kwenye upande usio wangu wa barabara, lori liko kushoto, na mbele yangu matatu inashuka ikiwasha taa.

Nilirudi nyuma ya lori kwa nafasi ya pengine gari moja. Dada yangu alipiga kelele. Mathe hakusema kitu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Nikaegesha pembeni, nikampigia fundi. Ana karakana Grogan na ameshika spana tangu kabla sijazaliwa. Nikaweka simu karibu na injini ili asikie. Hakungoja hata nimalize.

"Zima hiyo gari, kijana."

"Mzee, niko Mai Mahiu, si naweza kupanda polepole tu hadi..."

"Kijana. Zima."

Tukamtafuta mtu wa kuivuta hadi mjini. Mathe na dada yangu wakapanda matatu. Kabla hajapanda, mathe akanitazama, mfuko wa samaki mkononi, jua linawaka, akaniuliza swali moja: "Hiyo pesa ya paipu si ungeweka tairi?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Grogan, fundi hakuchukua dakika kumi. Aliziba mdomo wa paipu upande wa kichujio, akaingiza hewa kidogo tu kwa pampu, halafu akachukua chupa ya maji ya sabuni na kuanza kunyunyiza huko chini. Ni kama vile jamaa wa pancha huzamisha tairi kwenye karai akitafuta tundu. Kila mahali pakavu. Akashuka chini zaidi na tochi. Povu. Povu kubwa, linapumua. Ule mpira wangu wa "itashika" ulikuwa umechomoka kabisa na unaning'inia.

Akanieleza kwa nini, na hii sehemu ndiyo nataka mbaki nayo.

Ule mpira unabeba mvuke wa oili. Oili inalainisha. Silikoni iliyolainishwa na haina klipu itateleza, kila injini ikitetemeka inateleza kidogo, mpaka siku moja inaachia. Ikiachia, kunabaki tundu kati ya sensa na turbo. Na turbo haiulizi, inavuta hewa popote inapoipata. Kwa hivyo sasa kuna hewa inaingia kwenye injini ambayo sensa haikuiona. Kompyuta anaambiwa hewa ni kiasi fulani, anamwaga petroli ya kiasi hicho, kumbe hewa ni nyingi zaidi. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na petroli kidogo.

Ukiendesha polepole, kompyuta anajua kuna tatizo. Kuna sensa nyingine kwenye ekzosi inayonusa moshi na kumwambia, "Ongeza petroli." Anaongeza. Fundi alinionyesha kwenye mashine yake ya kupimia: gari ikiwa imesimama inanguruma tu, kompyuta alikuwa anaongeza asilimia 22 ya petroli juu ya hesabu yake ya kawaida. Gari nzima hucheza karibu na sifuri, pengine tano juu, tano chini. Mimi nilikuwa nimeendesha hivyo bila kujua.

Lakini ukizamisha mguu, turbo ikijaza, kompyuta hana muda wa kunusa na kurekebisha. Anaamini kile kipimo cha hewa cha mwanzo na kumwaga petroli kulingana nacho. Kama kipimo kimedanganywa, anadanganyika wakati ule ule joto na presha ndani ya silinda viko juu kabisa. Petroli na hewa vinalipuka ovyo, nje ya wakati wake, na pistoni inapigwa nyundo. Hiyo ndiyo injini kunoki. Hizo ndizo njugu kwenye mkebe. Gari ina sensa ya kusikiliza hiyo sauti, na ikiisikia inachelewesha moto wa plagi ili kujiokoa. Ndiyo maana nguvu ilikatika katikati ya kupita lori. Gari ilikuwa inajaribu kutokufa.

Kuna la pili. Hewa inayoingia kwa lile tundu haijapita kwenye kichujio. Gurudumu la turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Fikiria vumbi la barabara ya Naivasha likigonga mapanga membamba kwa mwendo huo. Fundi alipitisha tochi, akatazama, akaguna. "Una bahati. Yamechubuka kidogo tu."

Halafu akaniuliza ile ya zamani ilitoka vipi. Nikamwambia kuhusu ufa. Akacheka sana, kicheko cha mtu aliyepata kitu alichokuwa anatafuta.

"Sasa umeelewa hiyo nguvu ilitoka wapi?"

Nilikuwa nimeanza kuelewa. Gari yangu ilikuwa na uvujaji tangu siku niliyoinunua. Labda miaka kabla yangu. Ile paipu nyekundu ilipoziba ule ufa, gari ikarudi vile ilivyotengenezwa. Paipu haikuongeza kitu. Ilirudisha kilichokuwa kinapotea. Ningeweka paipu mpya nyeusi ya kiwandani, isiyo na sura, ningesikia utamu ule ule.

Najua kuna msee anasema, "Zii, paipu pana inapitisha hewa zaidi, hiyo ni sayansi." Hebu tuongee hiyo sayansi. Hewa hupita kwa kadiri ya mahali pembamba zaidi kwenye njia yake. Kwenye gari yenye turbo ya kiwandani, paipu si mahali pembamba zaidi. Mdomo wa turbo wenyewe ni mwembamba kuliko paipu. Kupanua paipu hapo ni kama kupanua barabara inayoingia kwenye daraja la leni moja. Ukiweka turbo kubwa zaidi na mtu anayejua akapanga upya kompyuta, hapo paipu pana inaanza kuwa na maana. Kwa gari kama yangu, ikiwa nzima, tofauti ni ndogo kiasi kwamba bila mashine ya kupimia nguvu hutaijua. Utakachojua ni sauti. Sauti ni halisi. Sauti tu.

Na tukienda kwa Safari Rally, maana najua mtaenda huko: mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari hapa kwetu na Subaru Impreza. Unajua sheria za dunia za mashindano yale zililazimisha nini? Kila gari ya turbo ya daraja la juu iliwekewa pete kwenye mdomo wa turbo, yenye tundu la milimita 34. Hewa yote ya injini ipite hapo. Hiyo ni kubwa kidogo tu kuliko kifuniko cha soda ya chupa. Na bado hizo gari zilikuwa na nguvu za farasi karibu 300. Timu zilizokuja Safari zilihangaika na kitu kingine kabisa: hewa safi. Ndiyo maana unaona zile picha za gari zenye pua ndefu imepanda pembeni ya kioo cha mbele, ili zivute hewa ya juu, mbali na vumbi na maji ya mito. Watu waliokuwa na pesa na wahandisi walilinda hewa isivuje na isiingie na uchafu. Mimi na binamu tulikuwa tunalinda mwanga wa jioni.

Sisi wa Nairobi ndio tunafaa kujali zaidi. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa hapa ni nyepesi kuliko Mombasa kwa karibu moja ya sita, na turbo inafanya kazi zaidi kuijaza injini ile ile. Panda hadi juu ya ule ukuta wa Limuru uko zaidi ya mita 2,200. Tundu dogo chini ya manifoldi huko linakuwa na hamu kubwa.

Fundi aliinua manifoldi. Gasiketi mpya, mipira miwili midogo ilikuwa imechoka akabadilisha, klipu mpya kila tawi, maji ya sabuni tena, hakuna povu. Shilingi 11,500 ukijumlisha spea, na sijahesabu ya kuvutwa. Ile asilimia 22 ikashuka hadi 3. Sauti ya uji bado iko. Injini ikapona. Niko na bahati, na najua ni bahati kwa sababu ya mtu mwingine.

Hii ndiyo sehemu nilikuwa naizunguka.

Siku tisa baada ya Mai Mahiu, kijana mmoja aliniandikia. Simtaji, na mji wake siutaji. Ana miaka 19. Aliona video yangu. Gari ni kama yangu, ya mjomba wake, ambaye anamwachia aendeshe ili amsaidie kupeleka mboga sokoni. Alijiwekea akiba miezi minne akanunua paipu ile ile, rangi ile ile, akaifunga kama nilivyofunga, kwa chini, bila kuinua manifoldi. Alinitumia video ya sekunde kumi. Sikuhitaji kusikiliza zote. Njugu kwenye mkebe. Yeye hakuwa na mzee wa kumwambia zima. Aliendesha nayo wiki nzima akidhani ni petroli mbaya, mpaka moshi ukaanza. Fundi wa huko akafungua, ringi za pistoni moja zimevunjika. Injini nyingine ya mtumba ameambiwa ni kama laki mbili.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliandika hivi tu: "Bro, yako haikuwahi kufanya hivi?"

Na wakati ananiuliza, yangu ilikuwa imefanya hivyo hivyo siku tisa zilizopita. Nilikuwa na video za fundi, maji ya sabuni, lile povu, kila kitu, kwenye simu yangu. Sikuwa nimeziweka. Kwa nini? Kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa bado inapanda. Kila asubuhi nilikuwa naamka naangalia namba. Ukiweka "kumbe nilikosea" juu ya video inayopanda, unaiua mwenyewe.

Nilikaa na ujumbe wake siku nne kabla ya kujibu. Siku nne. Mjomba wake bado hakuwa anajua.

Sijui kama ni video yangu iliyovunja ile injini. Gari ya miaka 20 inaweza kuwa ilikuwa inakufa tayari. Pengine ufa wake ulikuwa mahali pengine. Nimejiambia hayo yote usiku na yote yanaweza kuwa kweli. Lakini ninajua kwamba alifunga ile paipu kwa sababu nilimwambia farasi thelathini, na kwamba sehemu moja ambayo ingemsaidia, ile klipu ya chini ambayo haionekani, ndiyo nilikata kwenye video kwa sababu haikuwa na sura.

Nilimpigia. Tuliongea karibu saa nzima. Nilimwambia yangu ilifanya hivyo. Akanyamaza, halafu akasema, "Sawa. Nilidhani ni mimi sijui kufunga." Nimemtumia pesa niliyopata kwa ile video, yote. Haifiki hata robo ya laki mbili. Siandiki hapa ili mseme mimi ni mtu poa, maana mtu poa angejibu siku ya kwanza. Naandika kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia, "Waambie wengine."

Kwa hivyo nawaambia.

Kama gari yako ya turbo ni ya umri huu, ile paipu ya ndani inafaa kukaguliwa, na kama imekuwa ngumu au ina ufa, badilisha. Ya kiwandani au ya silikoni, zote sawa. Ukichukua silikoni, ibonyeze kwa mkono kwanza. Kama inalala kirahisi kama soksi, turbo itainyonya mpaka ijifunge. Nzuri zina waya ndani au kuta nene. Sehemu inayokaa sensa ya hewa usiguse upana wake, maana kompyuta anajua upana mmoja tu. Hesabu matawi kabla ya kutoa ya zamani, piga picha kila moja, na usirudishe boneti kabla idadi ya klipu haijalingana na idadi ya matawi. Kama huwezi kufikia klipu moja, hujamaliza. Inua manifoldi au mpeleke mtu atakayeinua. Halafu maji ya sabuni. Halafu mpime gari na mashine, uone kompyuta anaongeza petroli kiasi gani. Na ukisikia njugu, zima. Usipande polepole. Zima.

Ile video nimeitoa. Nilifikiria kuiacha na maelezo chini, lakini mimi na nyinyi tunajua hakuna mtu husoma maelezo chini. Mahali pake nimeweka ile ya povu. Haina muziki, mwanga ni mbaya, na kwa dakika mbili nzima unaona tu mkono wa mzee wenye oili ukitafuta kitu gizani.

Mpaka jana jioni ilikuwa imetazamwa na watu 412. Mmoja wao ni mathe. Ameniandikia, "Sasa nunua tairi."